Kabla ya kumtaja simba, tusome nyayo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa wafugaji wanaoishi kandokando ya hifadhi, kuanzia Simanjiro na Ngorongoro hadi Idodi na Pawaga jirani na Ruaha. Mifugo ikiuawa usiku, habari inayotufikia asubuhi huwa imeshahukumu: "Simba avamia zizi." Chini yake huwekwa picha ya unyayo kwenye vumbi, imepigwa simu ikiwa imeinamishwa upande, haina kipimo chochote, na mara nyingi unyayo wenyewe si wa simba. Ni wa fisi madoa, au wa mbwa mkubwa wa hapo hapo kijijini.

Kosa hilo humgharimu kwanza mfugaji mwenyewe. Fisi hupenya chini ya ua au kwenye tundu la miiba iliyokauka. Chui huruka juu, au hushuka kutoka kwenye tawi lililoning'inia juu ya banda la mbuzi. Simba mara nyingi wala haingii: ng'ombe wakinusa harufu yake hutaharuki, huvunja ua wenyewe kutoka ndani, naye huwakamatia nje gizani. Aliyeingiliwa na fisi akaambiwa ni simba atapandisha miiba mipya juu ya ua, na baada ya siku mbili fisi atapita pale pale chini. Hasira nayo hufuata jina lililotajwa. Desemba 2015, huko Maasai Mara, simba wa kundi la Marsh walilishwa sumu kwenye mzoga wa ng'ombe. Sumu ya namna hiyo haichagui. Inamuua aliyeiba, asiyeiba, na tumbusi wanaotusafishia mizoga ya magonjwa.

Kwa hiyo naomba nieleze, kwa kirefu kidogo, jinsi ushahidi huu unavyosomwa.

Saa ya kwanza ndiyo inayoharibu kila kitu. Lango hufunguliwa kama kawaida, kwato mia mbili zinapita juu ya nyayo, halafu majirani wanafika kutoa pole na kila mmoja anataka kuona. Kabla lango halijafunguliwa, mtu mmoja tu azunguke zizi kwa nje, hatua hamsini hivi kutoka kwenye ua, akitafuta mahali nyayo zinapoingia na zinapotoka. Karibu na ua pamekanyagwa mno. Huko nje ardhi bado ina maneno. Akipata nyayo tatu au nne nzuri, azifunike kwa karai au sufuria kuukuu iliyogeuzwa, na jiwe juu yake. Hapo ndipo mifugo itolewe, kwa upande mwingine.

Mwanga nao una wakati wake. Soma asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni baada ya saa kumi, jua likiwa chini, na simama mahali ambapo unyayo utakuwa kati yako na jua. Kivuli kitajaa ndani ya kila kishimo na umbo litajitokeza. Saa sita mchana unyayo ule ule huonekana kama vumbi lililoguswaguswa tu. Kama huna budi kusoma mchana, mtu mmoja ashike khanga kutia kivuli, mwingine amulike tochi kutoka pembeni, karibu kabisa na ardhi.

Wengi huanza kwa kutafuta kucha. Mimi nasema anza na kisigino, yaani ile sehemu kubwa ya nyuma ya unyayo. Kisigino cha jamii ya paka, awe simba, chui au paka wa jikoni, kina nundu tatu kwenye ukingo wake wa nyuma, kama mawimbi matatu madogo yaliyopangwa sambamba. Cha mbwa, mbweha na mbwa mwitu hakina nundu hizo tatu. Ni kidogo na kimekaa kama pembetatu. Cha fisi ni kipana, na ukingo wa nyuma umelala upande mmoja kama paa la kibanda.

Kisha vidole. Wote hao huacha alama ya vidole vinne, kwa hiyo kuhesabu peke yake hakusaidii. Angalia mpangilio. Vya paka havilingani: kimoja cha katikati kimetangulia, kama kidole chako cha kati kinavyovipita vingine. Kikiwa ni cha kushoto kati ya vile viwili vya katikati, huo ni mguu wa kulia. Vya mbwa vimelingana, viwili vya katikati vikiwa mbele sawasawa. Ukibaki na shaka, chukua vijiti viwili vyembamba uvilaze katika umbo la X, kati ya vidole na kisigino. Kwenye unyayo wa mbwa vijiti hupita katika nafasi iliyo wazi. Kwenye unyayo wa paka hukata kisigino, kwa sababu kisigino cha paka ni kikubwa na kimesogea mbele.

Kucha sasa. Ni kweli simba na chui hutembea kucha zikiwa ndani, na mbwa na fisi huacha alama ya kucha. Lakini simba anayeruka, au anayeteleza kwenye tope, hutoa kucha. Na mbwa anayepita kwenye ardhi ngumu anaweza asiache hata alama moja ya ukucha. Mtu anayeamua kwa kucha peke yake atakosea pande zote mbili. Duma naye ni paka, lakini kucha zake zinaonekana kwa sababu hazifichiki kama za wenzake.

Kwa ukubwa, unyayo wa mbele wa simba dume mzima una urefu wa sentimita 13 hivi, wa jike 11 au pungufu kidogo. Wa chui ni kati ya 7 na 9. Wa fisi madoa hufika 10 au hata 11, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa, maana analingana na simba jike. Kinachomtoa fisi ni tofauti ya miguu yake: uzito wake uko mabegani, hivyo unyayo wa mbele ni mkubwa waziwazi kuliko wa nyuma, na mbele ya vidole kuna kucha nene, butu. Pima unyayo wa mbele na wa nyuma, kila mmoja peke yake, usichanganye. Unyayo wa sentimita 8 nao haumfanyi mnyama kuwa chui papo hapo, kwani simba mdogo huacha alama kama hiyo. Ila simba mdogo hatembei peke yake. Zunguka kidogo, utaona za mama.

Namna ya kupima ndiyo inayopotosha hata watu wazoefu. Pimeni sakafu ya unyayo, si mdomo wake. Mguu mzito ukizama kwenye tope, tope husukumwa pembeni na mdomo hupanuka. Kwenye mchanga mkavu kingo huporomoka. Ukipima mdomo unaongeza sentimita nzima au zaidi, na chui amegeuka simba mikononi mwako. Pia paka anapotembea taratibu huweka mguu wa nyuma juu ya alama ya mguu wa mbele. Alama moja inakuwa ndefu, ina vidole sita au saba, na ndizo hizo picha zinazosambazwa watu wakisema ni mnyama asiyejulikana. Tafuta nyayo nyingine mbele ya njia hiyo hiyo, mahali alipogeuka au alipoongeza mwendo, utazikuta zimeachana.

Picha ipigwe simu ikiwa juu kabisa ya unyayo, imelala sambamba na ardhi, rula ya shule ikiwa kando. Kama hakuna rula weka kiberiti, ukipime baadaye. Kipimo kikae kwenye usawa wa unyayo, kisiegemee jiwe. Piga picha ya pili kutoka mbali kidogo, ionyeshe nyayo tano au sita zikifuatana, maana mwendo nao ni ushahidi. Andika tarehe, saa, aina ya udongo, na mvua ilinyesha lini mara ya mwisho.

Hilo la mvua si urembo. Umri wa unyayo ndio unaounganisha mnyama na tukio, au unaomtoa kabisa. Matone yaliyochimba ndani ya unyayo yanasema mnyama alipita kabla ya mvua. Umande uliokung'utwa kwenye majani kwa mstari mmoja unasema alipita umande ukiwa umeshatua. Njia ya mbawakavu iliyokatiza juu ya unyayo inasema unyayo ulikuwepo wadudu wa usiku walipokuwa bado wanatembea. Buibui akiwa ameshatandaza utando juu yake, huyo hakupita sasa hivi. Njia ya uhakika zaidi ni kubonyeza ngumi yako kando ya unyayo, kwenye udongo ule ule, na kurudi kila baada ya saa moja kulinganisha kingo. Kwenye mchanga wenye upepo kingo kali hufa ndani ya muda mfupi. Kwenye udongo wa mfinyanzi uliokauka zinaweza kukaa majuma. Simba wengi wanaoshtakiwa walipita juzi, wakielekea mtoni.

Sasa mzoga, na hapa naomba msomaji asome taratibu. Kabla ya kisu, tazama matundu ya mwili. Mnyama aliyekufa ghafla, akavimba haraka, mwili haukukakamaa, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au mkunduni, anaweza kuwa amekufa kwa kimeta. Usimchune, usimpasue, fukuza mbwa, mwite afisa mifugo. Fisi na tumbusi hula mzoga wa kimeta, kwa hiyo kukuta nyayo zao hapo hakuthibitishi kwamba wao ndio walioua. Na ukikuta tumbusi wamekufa kando ya mzoga, au nzi wamejaa chini wakiwa wafu, hiyo ni sumu. Rudi nyuma usiguse chochote, na toa taarifa.

Kama dalili hizo hazipo, vaa glavu uchune ngozi ya shingo kuanzia taya hadi kifuani, kisha igeuze uone upande wa ndani. Jeraha alilopata mnyama akiwa hai lina damu iliyovilia: rangi ya zambarau iliyokoza, bonge, na nyama inayolizunguka imelowa. Jeraha la baada ya kufa ni tundu kavu, safi, halina bonge wala wekundu. Kwa nje matundu hayo mawili yanafanana kabisa. Ndani ya ngozi hayafanani hata kidogo. Ng'ombe wangapi wamekufa kwa ugonjwa au kwa kuzaa vibaya, fisi akawakuta asubuhi, na lawama ikaenda kwa simba aliyesikika akinguruma ng'ambo ya korongo! Ngozi ya shingo ingesema yote kwa muda wa robo saa.

Matundu ya meno ya chonge nayo yapimwe, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya lingine. Ya chui huachana upana wa vidole viwili vya mtu mzima na zaidi kidogo. Ya simba huachana vidole vitatu hadi vinne. Yakiwa karibu kuliko vidole viwili, mfikirie simbamangu, mbweha au mbwa.

Simba humkaba ng'ombe koo au humziba pua na mdomo, na kabla ya hapo huacha mikwaruzo mirefu ya kucha mabegani na kwenye matako. Akianza kula hufungua tumbo, huvuta nje tumbo lenye majani na kuliweka kando, pengine akalifukia kwa udongo na nyasi. Chui humkaba mbuzi koo, humbeba au kumburuza mbali na zizi, humficha kichakani au mtini, na hunyofoa manyoya kabla ya kula. Mburuzo mmoja mwembamba unaoelekea kwenye mti wenye matawi mazito ni dalili yake nzuri. Fisi hana subira ya koo. Hurarua nyuma na chini: kiwele, korodani, tumbo, mapaja. Damu hutapakaa, mifupa huvunjwa na kumezwa, na asubuhi unaweza kukuta kichwa, pembe na kipande cha ngozi tu. Mavi yake yakikauka huwa meupe kama chokaa kwa sababu ya mifupa hiyo.

Mbwa wa kufugwa wanastahili aya yao, kwa kuwa ndio wasiotajwa kamwe. Dalili yao ni fujo. Kondoo kumi wameumwa, watatu wamekufa, na nyama iliyoliwa haijazi sahani. Meno yako kila mahali, masikioni, mkiani, kwenye miguu ya nyuma, bila mpango, maana mbwa wengi hawajui kuua. Wanakimbiza na kung'ata tu. Nyayo ni za ukubwa tofauti tofauti, na zikifuatwa hurudi majumbani. Kusema hivyo mbele ya jirani mwenye mbwa hao ni kugumu, nafahamu, lakini kumsingizia mnyama wa porini kwa kulinda ujirani kunawaacha kondoo waliobaki bila kinga.

Usalama nao. Nyama ikiwa bado na joto, mwenye nayo hajaenda mbali. Chui hurudi kwenye windo lake, na simba hulala karibu nalo. Ukiwasikia tumbili au kanga wakipiga kelele mfululizo wakikabili kichaka kimoja, usisogee kichaka hicho. Nyayo zikiingia kwenye vichaka vizito, kazi yako imeishia hapo. Weka alama, rudi, waite askari wa wanyamapori. Hata wanaolipwa kwa kazi hii hawaingii peke yao.

Anayetaka kuhifadhi unyayo kwa ajili ya afisa anaweza kuumwagia plasta nyeupe ya jipsamu. Zungushia unyayo kipande cha boksi chenye kimo cha sentimita 5, changanya vikombe viwili vya plasta kwa kimoja cha maji mpaka iwe kama uji mzito, na mimina pembeni mwa unyayo ili itiririke yenyewe kuingia ndani. Ukimimina katikati utavunja kingo za vidole. Iache saa moja, chimba chini yake, inyanyue pamoja na udongo, na usiisugue mpaka kesho yake.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya wazee wa zamani au ya wataalamu wa nje. Si hivyo. Tangu 2007 mradi wa Lion Guardians kule Amboseli umekuwa ukiwaajiri morani wa Kimaasai kufuata nyayo za simba na kuwaonya wachungaji mahali simba walipo. Mtihani wa kupima wasoma nyayo uliobuniwa Afrika Kusini miaka ya 1990 na Louis Liebenberg, aliyejifunza kwa wawindaji Wasan wa Kalahari, leo unatumika hadi Marekani, kwa watu wanaofuatilia puma, yule simba wa milimani. Nao hutafuta zile zile nundu tatu za kisigino. Maarifa haya yametoka Afrika yakavuka bahari, na sisi tunapiga picha zisizo na rula.

Ukishamjua aliyeingia, ziba tundu lake. Kwa fisi, kunja wavu wa waya chini uelekee nje angalau sentimita 30, uukandamize kwa mawe, na kagua lango, kwa kuwa pengo chini ya lango ndilo njia yake ya kwanza. Kwa chui, banda la mbuzi liwe na paa la wavu na matawi yote yaliyo juu yake yakatwe. Kwa simba, ua uwe imara kiasi kwamba ng'ombe waliotaharuki hawawezi kuuvunja. Kuta hai za Simanjiro, wavu wa waya uliofungwa kwenye miti iliyopandwa ikachipua, zimejengwa kwa kusudi hilo hilo. Na kwa mbwa, kuna kikao cha kitongoji.

Ushahidi huu pia ndio unaobeba madai. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa walioathiriwa na wanyamapori, zinahitaji tukio lithibitishwe, na afisa wanyamapori anayefika siku ya pili akakuta ardhi iliyokanyagwa na ngozi iliyoliwa na mbwa hana cha kuthibitisha. Picha tatu zenye rula, ngozi ya shingo iliyotunzwa kivulini mahali mbwa hawafiki, na karai juu ya unyayo vitampa mahali pa kuanzia.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mwandishi wako wa wilayani akileta habari ya zizi lililovamiwa, mwulize: unyayo una sentimita ngapi, ukingo wa nyuma wa kisigino ukoje, na ngozi ya shingo ilichunwa? Kama hana majibu, kichwa cha habari kiseme "mnyama mla nyama", na picha isiyo na kipimo isubiri hadi apatikane mtu wa kuipiga upya.

Msomaji wenu,
Iringa